Pembe zimenigawia darasa, naomba ushauri

Habari zenu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nafundisha Hisabati darasa la sita hapa Bagamoyo. Wanafunzi wengi, vipimapembe sita tu, na kimoja namba zimefutika.

Juzi nilichora ubaoni pembe mbili, zote nyuzi 50, moja mistari yake nikairefusha. Nusu ya darasa wakasema hiyo ya mistari mirefu ndiyo kubwa. Mmoja akaja kuipima, akanisomea 130! Kafuata namba za upande wa pili wa kipimapembe, wala hakushtuka kwamba pembe kali haifiki hata 90. Tukakata pembetatu za karatasi, tukachana pembe zote tatu na kuzipanga pamoja, zikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Ila wale wepesi walishamaliza zamani, wanapiga soga. Ukiwauliza kwa nini jumla ya hizo pembe tatu ni nyuzi 180: "Si ndivyo ulivyotufundisha, mwalimu?"

Sasa niwagawe kwa uwezo au niwachanganye? Na hao wepesi niwape maswali gani yatakayowabana watoe sababu? Nimewaza kuwapeleka ufukweni wakapime pembe za matanga ya majahazi, lakini najua yatageuka matembezi. Kipindi ni Jumatano.