Mpiko wa sabuni ukiharibika: uache ukomae, uupike upya au uutenge kwa chumvi?

MchePwani
Wadau, naomba tulinganishe. Kuna mipiko miwili, kila mmoja mawese kilo 7 na nazi kilo 3, maji lita 3, njia ya baridi (bila kuchemsha). Kostiki (soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ilipimwa kwa kopo lilelile, ila A ilitiwa ya vipande bapa na B ya chembe za duara. Kopo lilipowekwa baadaye kwenye mizani, ikaonekana A ilipata kilo 1.25 na B kilo 1.7. Sasa ni siku ya nne. A ina mafuta yanayoelea juu na mche unabonyea kwa kidole. B ni kavu, inamegeka kwenye waya wa kukatia, na ndani ina mishipa myeupe. Njia ninazosikia ni tatu: kuacha wiki sita, kukwangua na kupika upya, au kuchemsha na kutenga kwa chumvi. Ipi iende wapi?

FundiKalibu
Anza na hesabu, njia itajichagua yenyewe. Gramu moja ya mawese hula gramu 0.142 za kostiki, ya nazi 0.183. Kwa hiyo kilo 7 × 0.142 = 0.994, kilo 3 × 0.183 = 0.549, jumla kilo 1.543. Hapo hakuna mafuta yanayobaki. Ukitaka 5% ya mafuta ibaki kwa ajili ya ngozi, kostiki inakuwa kilo 1.466.

A imepungukiwa gramu 216. Karibu 19% ya mafuta hayajageuka sabuni, na hayatageuka hata ukingoja mwaka, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuyageuza. Yataoza tu na kutoa madoa ya rangi ya chungwa na harufu mbaya.

B imezidisha gramu 157 hata juu ya kiwango cha kumaliza mafuta yote. Kidogo itageuka magadi ikikutana na hewa, lakini huko ni juu juu tu. Katikati ya mche kostiki inabaki.

Kwa hiyo kuacha kunafutika kwa zote mbili. Kuacha ni dawa ya sabuni yenye vipimo sahihi ambayo bado ni laini kwa sababu ya maji.

Nyota_ya_Nazi
Naongezea hapo: unga mweupe juu ya mche si sawa na mishipa ya ndani. Unga wa juu ni magadi, hauna madhara, unakwanguliwa au unafutwa kwa kitambaa chenye mvuke. Funika kalibu (umbo la kugandishia sabuni) kwa nailoni saa 24 za kwanza, utapungua sana. Mishipa ya ndani ichunguze: kata, gusisha ncha ya ulimi haraka, kisha suuza. Ikichonyota, ni kostiki. Mwenye matone ya fenolftalini (dawa inayobadili rangi ikikutana na kostiki) adondoshee kwenye kipande kilichokatwa. Pinki kali inayokuja papo hapo ni dalili ileile.

BintiMise
Kupika upya ndiyo njia yangu kwa A na B, ila marekebisho ni tofauti.

Kwangua sabuni yote kwa kikwaruzo kikubwa. Tia maji 10% ya uzito wake, si zaidi. Maji mengi ndiyo yanayofanya mche ujikunje na kupinda wiki mbili baadaye. Weka chombo ndani ya sufuria kubwa ya maji moto, funika, shikilia nyuzi 70 hadi 80. Ikishakuwa uji mzito:

A: yeyusha gramu 216 za kostiki kwenye gramu 430 za maji, kostiki ndani ya maji na si kinyume. Mimina kwa uzi mwembamba huku unakoroga. Maji haya yahesabu ndani ya ile 10%.

B: ongeza nazi kilo 1.35, au mawese kilo 1.73, yaliyopashwa moto. Ukifanya hivyo unarudi kwenye ile 5%. Mimi ningetia mawese, maana nazi ikizidi theluthi ya mafuta sabuni inaanza kukausha ngozi.

Saa moja na nusu hadi mbili, ukikoroga kila dakika 15. Pima tena kwa ulimi, ndipo uishindilie kwenye kalibu. Usiimimine tu, itaacha matundu. Sura yake haitakuwa nyororo kama ya mpiko mpya, hilo likubali.

Sufuria iwe chuma kisichoshika kutu. Alumini inaliwa na kostiki na kutoa gesi inayowaka.

MzeeMagadi
Chumvi msiitupe. Kwa B inaondoa kostiki iliyozidi bila kununua mafuta mengine, na glisirini inaondoka na maji ya chini. Unachemsha sabuni na maji mara mbili ya uzito wake, unatia maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka sabuni inakatika na kupanda juu kama mtindi. Unaacha usiku kucha, unatoa tabaka la juu.

FundiKalibu
Mzee, kwa sabuni ya mawese matupu au mafuta ya ng'ombe, sawa kabisa. Hapa kuna 30% ya nazi. Sabuni ya nazi huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia wameitumia kuogea na maji ya bahari. Utahitaji chumvi nyingi mno na bado sehemu ya nazi itabaki chini. Kwa kilo 14 za sabuni, kuni zitakushinda. Na kwa A chumvi haisaidii kitu: inatoa kostiki, haitoi mafuta.

MzeeMagadi
Kwenye nazi umenipata. Kwa pipa zima la mawese bado nasimama na chumvi.

Nyota_ya_Nazi
Tusisahau chanzo. Kopo halipimi kostiki: vipande bapa huacha nafasi za hewa, chembe hujipanga. Wenye haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha ukali wa maji ya kostiki) nao wana mtego wao. Maji ya kostiki yakiwa bado moto husoma chini kuliko ukweli, mtu anaongeza kostiki, anapata mpiko kama B. Yapoe kabisa ndipo usome. Ya 30% husoma takriban 1.33 kwenye nyuzi 20. Na kostiki iliyogandamana mfukoni imeshanyonya unyevu na kugeuka magadi kiasi. Mizani itasema sawa, sabuni itatoka kama A.

Kwa walio Njombe au Mbeya: mawese yakiwa chini ya nyuzi 40 huanza kuganda, uji unaonekana tayari kumbe ni mafuta tu yamepoa. Saa chache baadaye mafuta yanatengana ingawa vipimo vilikuwa sahihi. Mpiko huo ukiwahiwa siku hiyohiyo haukwanguliwi. Upashe moto ndani ya kalibu na uukoroge tena.

MchePwani
Karatasi ya pH inasoma 10 kwenye A. Si ina maana kostiki ipo ya kutosha?

BintiMise
Hapana. Sabuni halisi husoma 9 hadi 10 kwa asili yake, hata yenye mafuta yaliyozidi. Karatasi haikuambii kitu kuhusu A. Fuata mizani, tia gramu 216, na vaa miwani na glavu.