Naomba ushauri: kuonyesha kosa la kuba la kanisa kuu la León kwa mfano wa plasta

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua majengo ya Kigothi (mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati). Kanisa kuu la León, Hispania, la karne ya 13, lina takriban mita za mraba 1,800 za vioo vya rangi. Kuta hazibebi kitu. Msukumo wa dari la mawe huenda kwenye matao ya nje yanayoegemeza jengo. Karne ya 17 likaongezwa kuba zito katikati, nguzo nyembamba za mawe laini zikaelemewa, upande wa kusini ukaumia vibaya, na karne ya 19 kuba likabomolewa.

Mfano ninaoutengeneza ni wa 1:50 (mdogo mara 50 kuliko jengo lenyewe), vipande vya plasta bila gundi, maana plasta ya kipande kimoja huficha nyufa. Nianze kuongeza uzito katikati, au nilegeze kwanza matao ya kusini?