Bima ya nyumba imepanda ghafla na sielewi hata inalipia nini, wenye uzoefu Arusha na Moshi nisaidieni

Chalii wa Olmoti

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Arusha upande wa Olmoti huku, nyumba nilinunua kwa mkopo wa benki miaka mitatu iliyopita na kila mwaka benki inanikata hela ya bima, nilikuwa sijali maana nilijua hayo ni mambo yao. Mwaka jana walikata 354,000. Juzi naangalia meseji nakuta 436,600, nikajua wamekosea. Nimeenda tawini dada wa pale ananiambia mthamini alipita kuthamini upya, thamani imetoka milioni 150 imefika 185 kwa hiyo na bima nayo imepanda. Sasa nyumba ni ile ile jamani, sijaongeza hata choo cha nje, kilichobadilika ni huu uwanja wa AFCON 2027 unaojengwa huku kwetu basi kila mwenye kiwanja anajiona tajiri.

Nikaomba mkataba nikapewa karatasi kama ishirini, Kiingereza kitupu, maandishi kama mchanga, nimefika ukurasa wa pili nikapitiwa na usingizi. Ninachotaka kujua, kuna namna ya kuipunguza hii hela? Na hivi inalipia nini hasa, moto tu au na wizi, maana masika maji yanapita getini kwangu kama yana haraka ya kwenda Dar, je na hayo yamo? Nawasilisha.

Kibubu Kwanza

Pole chalii yangu. Mimi nina nyumba Sakina tangu 2009 sijawahi kukata bima hata ya mlango, na sijaungua. Hiyo laki nne ungekuwa unaiweka UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kila mwaka saa hizi una hela yako na faida juu. Hawa jamaa kuchukua wana mbio, siku ya kulipa ndo utasikia "leta fomu nyingine".

Wakala Mstaafu

Kibubu kaka yangu, nyumba ikiungua mwaka wa pili huko UTT atakuta laki nane na kidogo, hata bati za kuezekea tena hazitoshi. Halafu huyu ana mkopo, hana hiari, benki haiwezi kuacha dhamana yake wazi.

Nije kwako Olmoti. Nimefanya kazi ya uwakala wa bima hapa Moshi miaka 11 nimeacha sasa naangalia ng'ombe, kwa hiyo sikuuzii kitu. Kitu cha kwanza kabisa, wewe unakatia bima KIWANJA. Hiyo milioni 185 ni thamani ya soko, yaani nyumba pamoja na ardhi, benki inaihitaji kujua ikikuuzia itapata ngapi. Ila bima haijengi ardhi. Moto ukipita, kiwanja kinabaki pale pale na bei yake ya AFCON. Kinachotakiwa kuandikwa kwenye bima ni gharama ya kuijenga hiyo nyumba upya leo kama imelala chini, msingi, tofali, bati, wayaringi, mafundi, na kusafisha kifusi. Na hata uandike 185 nyumba ikiteketea yote hawakupi 185, wanakulipa hasara ya jengo basi, ile ya juu umechangia bure. Chukua ile ripoti ya mthamini uifungue, mara nyingi ndani wametenganisha ardhi na jengo.

Ila usije ukafurahi ukashusha mpaka chini, na hapa ndo wengi wanaumia. Kuna kitu kinaitwa avareji. Tuseme kujenga upya ni milioni 140, wewe kwa ujanja ukaandika 70 ili ulipe nusu. Siku jiko limeungua hasara milioni 20, unajua uko salama maana 20 ni ndogo kuliko 70. Hapana, watasema huyu alikatia nusu ya nyumba, basi tunamlipa nusu ya hasara, unapewa milioni 10, na hapo bado hawajatoa eksesi. Nimeona mzee mzima analia ofisini kwa ajili ya avareji na mkataba wake wote uko sawa, hakuna aliyemwibia, alijiibia mwenyewe siku ya kujaza fomu.

Eksesi ndo ile sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe kwanza. Ukikubali kubeba kubwa zaidi premiamu, yaani hela ya bima unayolipa, inashuka, na hapo pana nafasi ya kuongea nao, ila uwe na hiyo hela kweli sio unaandika tu.

Kuhusu kilichomo: soma ile karatasi ya mbele yenye jina lako, namba ya mkataba na orodha ya majanga, usianze na yale maelezo ya nyuma. Moto na radi na mlipuko karibu zote zinakuwepo. Dhoruba, mafuriko, tetemeko, bomba kupasuka, hayo huwa yanaongezwa na lazima uyaone YAMEANDIKWA. Wa Arusha msidharau tetemeko, Julai 2007 si mnakumbuka ardhi ilivyokuwa inacheza kabla Oldoinyo Lengai haujalipuka, lile kubwa lilikuwa 5.9. Na yale ya Hanang Desemba 2023 kila mtu aliona tope linafanya nini, kwa hiyo mwenye nyumba chini ya mlima au pembeni ya korongo aulize na maporomoko kwa jina lake, asikubali kuambiwa "hayo yamo tu".

Visivyomo hata uombe: mchwa, uchakavu, ukuta uliojengwa vibaya ukapasuka wenyewe. Na friji iliyoungua kwa sababu umeme umerudi na nguvu, hiyo peke yake kwa bima ya kawaida hamna, labda uongeze kipengele cha vifaa vya umeme.

Mama Rau

Shikamoo baba wakala, na wengine habari zenu. Mimi ngoja niongelee wizi maana nililia. Nipo Moshi, nilikuwa na bima ya vitu vya ndani, tivii, laptopu ya mtoto, vyombo, nalipa kila mwaka bila kukosa. Siku moja Jumapili tumeenda ibada ya kwanza, dada wa kazi katoka kwenda gengeni kaacha mlango wa jikoni umerudishiwa tu, karudi sebule nyeupe. Nikakimbia polisi nikapata RB siku hiyo hiyo, nikapeleka kila kitu kwenye kampuni. Yule mkaguzi wao akaja akazunguka mlango akaangalia kitasa akaangalia grili za dirisha, akaniuliza mama wamevunja wapi? Nikamwambia hawajavunja, wameingia. Ndo ikawa mwisho wa mazungumzo. Mkataba umeandikwa wizi wa kuvunja na kuingia, na alama za kuvunja zionekane. Sikuwahi kuisoma hiyo. Yaani mwizi mstaarabu hana bima.

Na laptopu nikaambiwa hata ingeibiwa kwa mtoto hostel isingelipwa, maana ile bima inahesabu vitu vikiwa ndani ya nyumba tu, vya kutembea navyo vinaandikwa kivyake na vina bei yake.

Sasa wewe wa Olmoti, hiyo bima ya benki nina wasiwasi haina vitu vya ndani kabisa. Ni ya jengo, na hata likiungua cheki inaanzia benki kwanza wanachukua deni lao.

Wakala Mstaafu

Marahaba mama. Kweli kabisa na niongeze, wengine wanachanganya hii na bima ya mkopo. Bima ya mkopo inalipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Nyumba ikiungua na wewe mzima hiyo haikuhusu. Angalia makato yako vizuri inawezekana unakatwa zote mbili na unajua ni moja.

Halafu kwa wenzangu wa huku mlimani, nyumba ya kijijini. Mtu kajenga bangaloo Kibosho au Machame, haina mtu mwaka mzima, anakuja Desemba wiki mbili anachinja mbuzi anarudi Dar. Mikataba mingi ina kipengele cha nyumba kukaa bila mtu, mara nyingi siku 30 mfululizo, zikipita hizo wizi na bomba kupasuka vinajitoa. Waambie kabla, andika kuna mlinzi anaishi hapo, wakuongezee bei kidogo kuliko ulipe miaka sita kitu ambacho hakipo.

Mpangaji Mtarajiwa

Samahani naingilia, sisi tunaopanga je? Baba mwenye nyumba wangu anasema nyumba ina bima nisiwe na wasiwasi.

Mama Rau

Ina bima ya kwake mwanangu. Kitanda chako hakimo. Unakata ya vitu vya ndani peke yake na ni hela ndogo tu.

Fundi Shoti

Mimi fundi umeme Arusha hapa nimesajiliwa, leseni ya EWURA ninayo. Watu wanatafuta kupunguza bima huku main switch yake ina waya wa kufungia kuni badala ya fyuzi, sitanii nimeikuta kwa mtu Ngaramtoni mwenye gari mbili. Mkaguzi wa bima akiona hiyo anapandisha au anakataa, na ikiungua ripoti ya zimamoto itaandika chanzo. Fanya hivi, wayaringi ikaguliwe upate karatasi, weka breka nzuri na earth, mtungi wa gesi utoke ndani ukae nje kwenye kibanda chake, nunua kizimamoto kimoja cha jikoni, kisha PIGA PICHA upeleke uombe punguzo. Usipoomba hawakupi. Grili, fensi, mlinzi wa usiku, vyote hivyo taja. Paa la makuti ndo usahau, mwenye banda la makuti limeegemea nyumba aliseme mapema.

Kibubu Kwanza

Kwa hiyo nikate bima, nilipe fundi, ninunue kizimamoto, nipige picha. Bado nasema UTT.

Fundi Shoti

Kibubu nyumba yako ya 2009 wayaringi ulikagua lini mara ya mwisho? Nauliza tu.

Wakala Mstaafu

Mengine ya haraka. Tafuta kotesheni tatu kwa kiasi kile kile na majanga yale yale, ukilinganisha ya moto peke yake na ile yenye mafuriko utajidanganya kwa bei. Uliza benki kama inapokea bima ya kampuni nyingine mradi wao watajwe kwenye mkataba, zipo zinazopokea. Ukishalipa ingiza namba kwenye TIRA MIS, mtandao wa mamlaka ya bima, uone kama bima yako ipo kweli, maana hela ukimpa wakala mkononi na yeye akainywea, wewe huna bima. Wakikukatalia dai bila maelezo yanayoeleweka andika barua kwao kwanza, wasipokuridhisha TIRA wana ofisi ya kanda hapo hapo Arusha, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Piga picha kila chumba leo, tunza risiti kwenye barua pepe sio kwenye droo, droo nayo inaungua.

Chalii wa Olmoti

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, asanteni sana hasa mzee wakala na Mama Rau.

Ripoti ya mthamini niliifungua, kweli imetenganishwa, ardhi milioni 62 jengo 123. Nikashangilia nikataka niandike 123 siku hiyo hiyo, lakini nikakumbuka ile avareji nikamwita fundi aliyejenga ya jirani tukapiga hesabu ya kuijenga leo kuanzia msingi pamoja na ukuta wa fensi ikafika kama 140. Nikamuuliza mthamini mbona yako ndogo akasema alishatoa uchakavu. Kwa hiyo ningeandika 123 ningejichimbia shimo lile lile.

Benki walinisumbua kidogo, mara leta barua, mara bosi yuko semina, mwisho wakakubali 140. Kwa kiwango changu cha 0.2% inakuwa 280,000, na VAT yao ya 18% jumla 330,400. Imepungua 106,200. Mafuriko nimeyaona yameandikwa kwenye karatasi ya mbele, nilikuwa nayo siku zote sijui tu, ILA ukuta wa fensi haumo mpaka utajwe, na kwangu maji yakija yanaanza na ukuta. Wameutaja sasa ndani ya ile 140. Vitu vya ndani kweli havikuwepo hata kijiko, nikakata vya milioni 8 kwa asilimia moja, na VAT 94,400.

Jumla nalipa 424,800. Nikamwambia wife kwa furaha, akachukua kalkuleta akanitazama, "baba umehangaika wiki mbili, umepoteza siku tatu za kazi, umeokoa elfu kumi na moja na mia nane?" Nimejaribu kumweleza habari ya fensi na kiwanja akaenda kulala.

Mama Rau

Mlango wa jikoni lakini umebadilisha kitasa?

Chalii wa Olmoti

Kesho mama.