Core i7 ya zamani au Xeon ya seva kwa kuhariri video?

Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nahariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i7-3770 ya mwaka 2012: viini 4 (sehemu zinazofanya hesabu), nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), kasi ya GHz 3.4 inayopanda hadi 3.9. Kutoa video iliyokamilika (export) ya saa mbili ni kulala na kuamka.

Juzi pale Luthuli Avenue, Nairobi, fundi akanionyesha mashine kuukuu yenye Xeon E5-2670, prosesa ya seva, viini 8, nyuzi 16. Nusura nilipe papo hapo! Kufika nyumbani nikasoma: inaanzia GHz 2.6, inaishia 3.3, ni ya wati 115 ilhali yangu ni 77 (na stima hii ya tokeni mnaijua). Tena haina chipu ya michoro ndani yake, lazima ninunue kadi ya michoro, na nitakosa Quick Sync, kifaa kilicho ndani ya i7 yangu kinachonisaidia kutoa haraka video za H.264 (muundo wa kubana video). Soketi (mahali prosesa inapochomekwa) nayo ni tofauti, kwa hivyo siwezi kuipachika kwenye mazabodi (motherboard) yangu.

Aliyewahi kuhariri kwa Xeon hii, viini vingi vilikusaidia kweli, au wakati wa kukata na kuunganisha vipande ilikuwa nzito? Ama nibaki na i7 niongeze kadi ya michoro tu?