Kupunguza vipimo vya bia kutoka lita 23 hadi lita 5: maji yanapotelea wapi?

Mkazi wa Kisasa
Habari za leo, wapishi wenzangu. Nina vipimo vya bia ya lita 23: kimea cha shayiri kilo 4.6, hopsi (maua makavu yanayotia bia uchungu) gramu 46, hamira ya bia pakiti moja ya gramu 11.5, na lita 27 za maji matamu ya kimea kabla ya kuchemshwa kwa muda wa saa moja. Kwa kuwa hapa Dodoma ninaishi peke yangu, niligawanya kila kitu ili nipate lita 5, yaani kilo 1 ya kimea, gramu 10 za hopsi na lita 5.9 za maji hayo. Nimeambulia lita tatu na robo tu, nzito na chungu kupindukia. Hesabu nimeirudia mara tatu. Nimekosea wapi?

Mpishi wa Mpwapwa
Ndugu, hesabu yako ni sahihi; kilichokuponza ni mvuke. Vipimo vya awali vilitenga lita 4 za kupotea jikoni, na ulipogawanya ukawa umeiruhusu sufuria yako ipoteze lita 0.9 tu, ilhali mvuke hauangalii wingi wa maji bali upana wa mdomo wa sufuria na ukali wa moto. Chemsha maji matupu katika sufuria hiyohiyo, kwa moto uleule, kwa nusu saa. Pima kabla na baada, kisha zidisha mara mbili. Kwa maelezo yako, unapoteza takriban lita 2.6 kwa saa, kwa hiyo anza na lita 7.6. Kimea nacho hunywa karibu lita moja kwa kila kilo, lakini hicho hugawanyika vizuri bila kukusumbua.

Hamira usiihangaikie: nusu pakiti inatosha, na ikizidi kidogo haidhuru.

Bibi wa Kongwa
Mwanangu, mwenzako amesema kweli, ila sufuria ndogo hupoa upesi. Unapoloweka kimea kwenye nyuzi 65 hivi, kifunike kwa blanketi zito, la sivyo joto litashuka kabla wanga haujageuka sukari. Na mizani ya jikoni inayokosea gramu 2 si kitu kwenye gramu 46, lakini kwenye gramu 10 ni sehemu ya tano nzima. Siku ukitaka kuchanganya mtama wetu, upike uji kwanza, uache upoe hadi joto hilo, ndipo utie kimea. Wanga wa mtama hauivi kwa joto la kulowekea.

Mkazi wa Kisasa
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Je, sukari ya kutia kwenye chupa, ile inayoipa bia gesi, niigawanye vilevile?

Mpishi wa Mpwapwa
Hapana. Pima bia uliyoipata baada ya kuondoa machicha, kisha tia gramu 6 kwa kila lita. Ungetia sukari ya lita 5 kwenye lita zako tatu na robo, chupa zingeweza kupasuka.