Kwotabeki mkali wa miaka yote: pete ndio zinaamua ama mchezo wenyewe?

ZamuYaUsiku

Wadau niaje, nisaidieni kumaliza hii stori juu imenikaa kichwani tangu Disemba. Mimi napokea simu usiku hapa Mombasa Road, wateja wetu wote wako Marekani, na hivyo ndio nilianza kufuatilia futiboli yao. Super Bowl, ile fainali ya ligi yao ya NFL, huku kwetu huanza Jumatatu saa nane na nusu usiku, mji wote umelala na sisi ndio tuko macho. Ya kwanza kuangalia ilikuwa ile ya Februari 2017, New England na Atlanta. Tom Brady, kwotabeki (QB) wa New England, yaani yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, alikuwa nyuma 28 kwa 3 robo ya tatu ikiendelea, wenzangu wote wakarudi kwa simu mimi nikabaki hapo tu kwa kona, nikaona mtu anarudisha mechi pasi moja baada ya ingine mpaka wakashinda 34-28 kwa muda wa ziada, na hiyo ndio ilikuwa mara ya kwanza Super Bowl kufika muda wa ziada. Nilitoka kazini asubuhi nikipita kituo changu cha matatu bila kujua.

Sasa shemeji yangu anaishi Baltimore miaka mingi, alikuja Krismasi, tukiwa tunangoja nyama iive nikamwonyesha listi yangu: Brady, Montana, Mahomes, Peyton Manning, Aaron Rodgers. Akaisoma, akanirudishia simu, akaniuliza Johnny Unitas ako wapi. Nikamwambia huyo sijawahi ona hata mechi yake moja. Akasema basi hii si listi ya miaka yote, hii ni listi ya miaka yako.

Hiyo ndio imenikaa. Nyinyi mnapima aje? Pete, yaani Super Bowl mtu ameshinda? Takwimu? Ama vile mtu anacheza ukimwangalia? Na mtu wa 1958 kama Unitas unamweka meza moja na wa leo kwa kipimo gani? Nataka sababu, majina peke yake hata mimi niko nayo.

KasaraniMwiki

Brady. Sioni venye hii ni swali lakini wacha nikupe sababu juu umeomba.

Pete 7. New England na Pittsburgh ndio timu zenye Super Bowl nyingi zaidi na kila moja iko na 6, kumaanisha mtu mmoja ako na nyingi kuliko timu yoyote kwa historia ya ligi. Sita akiwa New England, ya saba akiwa Tampa Bay na miaka 43, msimu wake wa kwanza huko, timu ambayo ilikuwa haijaingia mchujo tangu 2007. Watu walikuwa wanasema ni kocha Belichick, ni mfumo, sawa, akatoka kwa huo mfumo akashinda mwaka huohuo. Hapo sijui mtu anajibu nini.

Na alichaguliwa nambari 199 kwa drafti ya 2000 (pale timu zinachagua wachezaji wapya kutoka vyuo kwa zamu), raundi ya sita. Kila timu ilimpita mara kadhaa. Akacheza misimu 23, tachidauni (mpira kufikishwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani) 649 kwa pasi, yadi 89,214. Shemeji wako namheshimu lakini hapa hakuna mjadala bro.

DadaWaRaga

@KasaraniMwiki mjadala uko kaka, wacha nikuanzishie.

Mimi nimecheza raga, na huu mchezo niliuanza kufuatilia mwaka wa 2013 wakati Daniel Adongo alitoka kwa raga akaingia Indianapolis Colts, Mkenya wa kwanza kufika NFL, hata kama yeye alikuwa upande wa kuzuia. Kwa raga namba 10 ndiye anaamua, lakini anatupa nyuma tu na akibanwa anapiga teke. QB hana hiyo njia. Ako na kama sekunde tatu, watu wa kilo 130 wanakuja kumvunja, na kwa hizo sekunde lazima asome walinzi wamekaa aje, ajue nani atakuwa wazi *kabla* hajakuwa wazi, aachilie mpira uende mahali ambapo mwenzake bado hajafika. Hiyo ndio kazi. Mkono wenye nguvu ni zawadi, lakini kazi iko kwa macho na kwa utulivu.

Sasa kwa utulivu mimi simuoni mtu kama Joe Montana. Super Bowl 4, ameshinda zote 4, tachidauni 11 na hakuna pasi yake hata moja iliyonaswa. Hata moja! Brady ameenda mara 10 akapoteza 3, mbili kwa Eli Manning wa Giants, na ile ya 2008 walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza wakaanguka 17-14. Najua utasema kufika mara 10 ni kubwa kuliko kufika mara 4 na hapo nakubaliana na wewe kabisa, lakini swali ni nani ningempa mpira zikibaki dakika tatu.

Tafuta ile ya Januari 1989 dhidi ya Cincinnati. San Francisco ya Montana wako nyuma 16-13, wako yadi 92 kutoka kwa lango, zimebaki dakika kama tatu. Wachezaji wenzake wamekaza misuli ya shingo, yeye anamwonyesha mmoja wao John Candy, yule mwigizaji, ati muone pale kwa mashabiki. Alafu akaanza kutembeza mpira, pasi fupi, pasi fupi, Jerry Rice, Rice tena, mpaka akamwachia John Taylor ndani zikibaki sekunde 34. 20-16. Nimeiangalia mara nyingi sana na bado moyo hunienda mbio nikijua kabisa itaishaje.

Na siku hizo QB alikuwa anapigwa vibaya. Januari 1991 Leonard Marshall wa Giants alimtoka nyuma akamwangusha, Montana akakaa nje karibu misimu miwili mizima. Leo kumgusa QB kichwani ama magotini refa ameshatupa kitambaa cha faulo.

MzeeNgongRoad

Vijana, shemeji wa huyu bwana amesema neno la maana sana na naona mmelipita.

Mimi ni mtu wa mbio kwanza, hii futiboli nilijifunza nikisomea huko miaka ya themanini. Wacha niwaulize hivi. Paul Tergat alikimbia marathoni ya Berlin 2:04:55 mwaka wa 2003. Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago mwaka wa 2023. Ukiangalia saa tu, Tergat ameachwa dakika nne na zaidi, hata hawezi onekana barabarani. Kuna Mkenya hapa atasema Tergat hakuwa mkubwa? Viatu vimebadilika, chakula na mazoezi vimebadilika. Mkimbiaji unampima na waliokuwa pembeni yake siku hiyo.

QB ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1978 ligi ilibadilisha sheria, mlinzi akakatazwa kumshika na kumsukuma mpokeaji akishapita yadi tano, na wale wa mbele wanaomlinda QB wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Kabla ya hapo mpokeaji alikuwa anapigwa njia yote. Msimu wenyewe ulikuwa mechi 12 wakati Unitas anaanza, leo ni 17. Kwa hali hiyo Unitas alitupa tachidauni mechi 47 mfululizo kutoka 1956 hadi 1960. Hiyo rekodi ilikaa mpaka 2012 ndio Drew Brees akaivunja. Miaka 52! Na sheria zote za kumsaidia mrusha pasi zikiwa tayari zimebadilishwa.

Na huyo Unitas alikuwa amefukuzwa na Pittsburgh 1955 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi, akaenda kucheza timu ya mtaani kwa dola chache kila mechi huku akifanya kazi ya ujenzi. Miaka mitatu baadaye, Disemba 1958, ako Yankee Stadium kwa fainali, timu yake ya Baltimore wako nyuma 17-14, anatembeza mpira mpaka wanasawazisha sekunde za mwisho, alafu muda wa ziada anatembeza tena yadi 80, 23-17. Zile pasi za haraka za mwisho wa mechi ambazo nyinyi mnasifu kwa Montana na Brady, huyo ndiye aliyefanya watu waone inawezekana.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: alikuwa mbali kiasi gani na wenzake wa wakati wake?

KasaraniMwiki

@MzeeNgongRoad shikamoo mzee. Hiyo ya Tergat imenipata. Lakini kwa hicho kipimo si Dan Marino wa Miami anaingia juu sana na hana pete hata moja?

MzeeNgongRoad

Marahaba. Ndio, anaingia, na nafurahi umemtaja wewe mwenyewe.

Mwaka wa 1984 rekodi ya tachidauni kwa msimu ilikuwa 36, imekaa hapo tangu miaka ya sitini. Marino, kijana wa msimu wa pili, akatupa 48. Hakuivunja kwa moja ama mbili, aliipita kwa 12. Na yadi 5,084 wakati hakuna mtu alikuwa amewahi kufika 5,000. Tachidauni zake zilisubiri miaka 20 Peyton atupe 49, na zile yadi zilikaa mpaka 2011. Mnakumbuka Rudisha kwa mita 800 London 2012, vile alitoka mbele mita ya kwanza akaenda peke yake mpaka mwisho na kila mtu nyuma yake akivutwa na yeye? Huo ndio ulikuwa msimu wa Marino. Alifika Super Bowl mara moja tu, Januari 1985, akakutana na Montana akapigwa 38-16, na timu yake haikuwahi kuwa na difensi ya kumrudisha tena. Pete ni za watu 53 na makocha. Kumnyima mtu ukubwa kwa sababu difensi yake ilivuja, mimi sikubali.

EastlandsFinest

Na Mahomes wa Kansas City mnamwacha tu? Super Bowl 3 kabla ya kufika miaka 30, MVP (mchezaji bora) ya ligi mara 2, msimu wake wa kwanza wa kuanza kila mechi alitupa tachidauni 50. Ile ya Januari 2022 na Buffalo zilibaki sekunde 13 wakiwa nyuma, akatembeza mpira wakasawazisha wakashinda muda wa ziada 42-36. Sekunde 13 wasee!! Anatupa akiwa anakimbia kushoto, bila kuangalia, mkono ukiwa chini ya bega, vitu zingine makocha walikuwa wanakataza watoto.

Ukweli ni Brady alimpiga 31-9 uso kwa uso Februari 2021, na Philadelphia wakampiga 40-22 Februari 2025, hizo siwezi ficha. Hiyo ya Tampa lakini ukuta wake wa mbele ulikuwa umevunjika alikuwa anakimbia mechi yote. Mimi nampa namba 2 na bado anacheza.

MwalimuWaBuru

Nimesoma yote na kuna kitu hakijaguswa, samahani itakuwa ndefu kidogo.

Mzee amesema tumpime mtu na wenzake wa wakati wake. Nakubali. Lakini kuna watu walikatazwa kuwa kwenye huo wakati. Kwa miaka mingi mchezaji mweusi akitoka chuo akiwa QB, timu za NFL zilikuwa zinamwambia ahamie nafasi ingine, awe mpokeaji ama mlinzi, ati hiyo nafasi ya kufikiri si yake. Mfano ni Warren Moon. Januari 1978 alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, moja ya mechi kubwa zaidi za vyuo. Drafti ikaja mwaka huo, raundi 12, hakuna timu iliita jina lake. Yeye alikuwa ameshasaini na Edmonton ya Canada hata kabla ya hiyo drafti, na huko akashinda kombe lao mara 5 mfululizo. Ndio akarudi Houston mwaka wa 1984, tayari ana miaka 27, na bado akatupa karibu yadi 50,000 NFL. Mwaka wa 2006 ndio akawa QB wa kwanza mweusi kuingia Hall of Fame, ukumbi wa magwiji wa mchezo huu. Hiyo misimu sita ya kwanza mnaihesabu aje kwa listi zenu? Mkitumia takwimu za NFL peke yake, mnaendeleza ile dhuluma aliyofanyiwa.

Na Doug Williams, Januari 1988, QB wa kwanza mweusi kuanza na kushinda Super Bowl. Washington walikuwa nyuma 10-0, robo ya pili peke yake akatupa tachidauni 4, ikaisha 42-10. Kisha Februari 2023 Mahomes na Jalen Hurts wakakutana, mara ya kwanza maQB wote wawili wa Super Bowl ni weusi. Miaka 35 katikati hapo. Mimi Moon namweka kwa kumi bora na sitoi.

DadaWaRaga

@MwalimuWaBuru asante sana mwalimu. Nilikuwa namjua Moon kwa jina tu, hiyo ya raundi 12 sikuwa naijua na imeniuma.

ZamuYaUsiku

Wadau nimesoma hapa kwa mapumziko ya saa tisa usiku nikasahau hata chai. Mzee, hiyo ya Tergat na Kiptum nimeituma kwa shemeji hivyo hivyo venye umeandika.

Listi yangu imebadilika. Brady bado wa kwanza, juu hata kwa kipimo cha mzee ameacha wenzake mbali, hakuna mtu wa wakati wake alikaa juu misimu 23. Unitas wa pili. Montana wa tatu, dada usinikasirikie. Marino wa nne, na sikuwahi fikiria nitamweka mbele ya Peyton na zile MVP zake 5. Peyton wa tano, Mahomes wa sita kwa sasa. Rodgers ametoka kwa tano. Moon nataka kwanza nitafute mechi zake za Edmonton niangalie mwenyewe ndio nijue nampa nafasi gani, mwalimu kama unajua pahali ziko nitumie.

Shemeji amejibu saa hii, huko kwao ni jioni. Ameandika mstari mmoja: Otto Graham, Cleveland, misimu 10, fainali 10, ameshinda 7. Ako wapi?

MzeeNgongRoad

Huyo shemeji wako nataka kukutana naye akija tena.