Mjadala: Mdogo wangu anakariri Venice na Machu Picchu chuoni, Kilwa hajavuka. Ada ninalipia nini?

Kaka wa Nangurukuru
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu bila kubezana, maana ada ninayoizungumzia inatoka kwenye jasho langu.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, stashahada ya utalii, Dar. Juzi alikuja nyumbani kujisomea, nikamshikia daftari nimuulize maswali. Alama za viwanja vya ndege: Venice ya Italia VCE, Lima ya Peru LIM, Cuzco huko huko Peru CUZ. Kazitaja zote bila kukwama. Lima iko nyuma yetu saa ngapi? Saa 8. Halafu kuna zoezi la kuwapangia mke na mume safari ya siku 9 kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale milimani Peru: walale wapi kwanza ili miili izoee mwinuko, treni waipandie wapi, tiketi za kuingia zikatwe mapema kiasi gani. Kazi safi, sina ubishi.

Nikamwambia, haya, nipangie na mimi siku 2 za Kilwa. Akanyamaza. Sisi tumezaliwa Nangurukuru, pale pale magari yanapochepuka kwenda Masoko. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, msafiri wa kale Ibn Battuta alifika 1331 akausifia mji ule, na binti wa hapo hapo hajawahi kuuvuka ule mkono wa bahari. Ngorongoro ndiyo kabisa. Darasa lao halijapelekwa hata mara moja, wanaonyeshwa picha ukutani.

Swali langu ni moja. Kwa nini chuo kimfundishe kumpeleka Mtaliano Peru kabla hajajua kumleta Mtaliano Kilwa?

Chaki Mbili
Kaka, nafundisha somo hilo hilo, mwaka wa 11 sasa. Mgeni akiwa sebuleni kwake anapanga likizo hachagui kati ya Serengeti na Ruaha. Anachagua kati ya Serengeti, Botswana, Costa Rica na fukwe za Thailand. Usipoijua Thailand hutajua kwa nini hakuja kwako. Ghuba ya Maya kule Thailand ilifungwa 2018 kwa sababu matumbawe yalikuwa yanakufa kwa nanga za maboti na miguu ya watu, ikafunguliwa 2022 kwa masharti. Mwanafunzi akilisoma hilo, siku akisimama kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, akaona maboti yamebanana juu ya matumbawe, anajua anachokiona.

Mwanajiografia Richard Butler alieleza tangu 1980 kwamba kila kivutio kina umri wake: kinagunduliwa, kinakua, kinajaa, kinadumaa, halafu ama kinafufuliwa ama kinakufa. Utalijuaje hilo kwa kuangalia Kilwa peke yake?

Safari za mafunzo zinataka basi, mafuta na malazi, na bajeti haipo. Tungependa kwenda. Ila tukiacha kuwafundisha dunia tutabaki taifa la kuzalisha wabeba mizigo ya wageni tu, huku mipango yote wanatupangia wao.

Mgumu wa Machame
Mwalimu, hayo mengine sijayasoma mara ya pili. Hilo la wabeba mizigo nimelisoma mara nne.

Mimi ni mpagazi, mwaka wa 14 huu mlimani Kilimanjaro. Getini mzigo wa mgeni unapimwa, kilo 20, begi langu halimo humo. Mwezi wa saba, kambi ya Barafu, maji kwenye dumu yanaganda juu, natoboa kwa kijiko nipate ya chai. Mgeni akitoka kwenye hema uji umeshaiva na beseni la maji ya uvuguvugu liko mlangoni. Akiondoka kwenda kambi ya mbele, sisi tunabomoa kambi nzima, tunampita njiani, anafika hema lake limesimama tena. Hiyo si mipango? Nani aliipanga, Butler?

Msimu uliopita walikuja wanafunzi wa fildi wa chuo kimoja, sikitaji. Wawili walifika kambi ya Shira kichwa kinapasuka, wanatapika. Walioshuka nao usiku wakiwashika mikono ni hao wabeba mizigo wako. Kwetu uchagani tunamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyemwonyesha Mjerumani Hans Meyer njia ya kileleni mwaka 1889. Hakuwa na stashahada.

Chaki Mbili
Ndugu yangu, sikumtukana mtu. Nilisema kuzalisha hao TU. Soma sentensi yote.

Mgumu wa Machame
Nimeisoma yote. Hilo "tu" ndilo lenyewe.

Mama Safari, Arusha
Naingia kama mwajiri. Nina kampuni ndogo, magari matatu. Mwaka jana nilimchukua mhitimu, kijana mzuri, anaijua dunia kama kiganja. Nikampa barua pepe ya mgeni: watu wazima 3, watoto 2, mmoja wa miaka 4 na mwingine 6, siku 7, Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, bei gani? Alikaa nayo siku mbili. Aliyoniletea ilikuwa imewahesabu wote watano kama watu wazima. Mtoto wa miaka 4 halipi ada ya hifadhi, wa miaka 6 analipa tofauti na mkubwa, na juu ya hapo kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 ambayo hakuigusa. Mgeni keshakwenda kwa mwingine. Nikamuuliza chuoni walifundishwa nini, akasema walipanga safari ya Ulaya, nchi sita kwa siku 12.

Kwa hiyo kaka wa Nangurukuru yuko sahihi. Na mwalimu naye yuko sahihi, sikatai. Ila mimi nalipa mshahara mwisho wa mwezi.

Mgumu wa Machame
Dada, kwa kuwa umejitaja kuwa una kampuni, hebu tuongee la bahasha. Siku ya mwisho getini mgeni anakusanya tipu za watu wote, anaweka kwenye bahasha moja, anamkabidhi kiongozi mkuu. Mimi napewa noti mbili tatu nyuma ya gari. Ndani mlikuwa na kiasi gani, sijui. Hilo chuoni linafundishwa?

Mama Safari, Arusha
Kwangu karatasi inasomwa mbele ya timu nzima, mgeni akiwepo, jina na kiasi. Usinichanganye na wengine.

Pori Kwa Pori
Anasema ukweli Mgumu. Nimeongoza wageni miaka 9, nimeona bahasha ikifunguliwa ndani ya gari vioo vimepandishwa. Lakini wapagazi nao waseme ukweli. Kuna siku mzani unapitishwa na mzigo wa kilo 20, baada ya kona ya kwanza mnagawana kilo nyingine zilizokuwa zimefichwa, kwa kuwa kampuni imepunguza watu. Mnakubali wenyewe, kisha mnalalamika.

Mgumu wa Machame
Tunakubali kwa sababu ukikataa, kesho getini kuna vijana mia wanaongoja jina. Nina watoto wawili shuleni. Usiniambie nakubali mwenyewe.

Mwana Malindi
Jamani, mimi ni wa ng'ambo ya mpaka, nina neno. Sisi Utalii College ipo Nairobi tangu 1975, ilijengwa kwa msaada wa Waswizi, na heshima yake ni kubwa. Lakini njooni Malindi. Kwetu Wataliano wamekaa miaka na miaka, wana nyumba, wana mikahawa. Kijana wa ufuoni aliyeacha shule darasa la sita anazungumza Kitaliano mpaka Mtaliano anageuka. Anajua huyu ni wa Milano na huyu ni wa kusini kwa jinsi anavyotaja maneno. Anajua mwezi wa nane Italia nzima iko likizo, na anapanga biashara yake kwa huo mwezi.

Kwa hivyo bwana wa Nangurukuru, mwache dada yako aisome Italia, tena aisome na lugha yake. Hatafika Peru kwa hilo daftari. Ila akijua mgeni anatoka wapi na amezoea nini, atajua kumkaribisha. Na mlima wenu sisi tunauonyesha vizuri kutoka hifadhi yetu ya Amboseli.

Kibo Ni Yetu
Nilijua tu tutafika hapo. Mlima uko Tanzania wote, mita 5,895, kila hatua ya kuupanda inaanzia ardhi ya Tanzania. Nyie mnauza dirisha la nyumba ya jirani.

Mwana Malindi
Sikusema ni wetu. Nimesema unaonekana. Macho hayana mpaka.

Kibo Ni Yetu
Picha zenu zinasema vingine.

Pori Kwa Pori
Mwacheni Mkenya. Hoja yake ya lugha ndiyo ya maana kuliko zote humu na hakuna aliyeijibu. Nilijifunza Kifaransa kwa mwaka mmoja na nusu, jioni, kwa hela yangu. Siku zangu za kazi ziliongezeka, kwani waongozaji wa Kifaransa hatuzidi vidole vya mikono miwili pale ninapopata kazi.

Bint Shangani
Asalaam alaykum. Nimesoma toka juu. Mumezungumza mlima na bahasha, lakini kaka aliuliza Venice kuna nini cha kutuhusu sisi. Mie nitamjibu, maana nimezaliwa Mji Mkongwe.

Venice ni mji wa mawe juu ya maji, vichochoro vyembamba, wenyewe wanahama na wageni wanajaa. Mnausikia huo mji ni wapi? Sisi tumeingia urithi wa dunia mwaka 2000. Kichochoro chetu, nilipokuwa mdogo, kilikuwa na nyumba tisa za watu. Nikipita sasa nahesabu mbili. Saba zimekuwa za kulala wageni au maduka ya vinyago na vitenge. Bi mkubwa wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa akitupa visheti tukitoka chuo cha Qur'ani jioni, wanawe walikodisha nyumba, yeye yuko Fuoni. Anakuja mjini kwa daladala kwenda kuswali kwenye msikiti uliokuwa hatua ishirini toka mlangoni pake.

Venice walianza kutoza kiingilio cha wageni wa mchana mwezi wa nne 2024, nafikiri yuro 10. Meli kubwa walizikataza kupita mbele ya mji 2021. Wamechelewa, watu wameshahama. Mtoto anayesomea utalii akiijua Venice kwa alama tatu za kiwanja cha ndege hajasoma kitu. Aambiwe kodi ya nyumba ilipandaje, maji taka yanakwenda wapi, nani alibaki na nani aliondoka. Kisha aletwe Shangani ahesabu milango kama mie.

Chaki Mbili
Dada, kiingilio kilianza kwa yuro 5. Mwaka uliofuata ndipo wanaochelewa kujiandikisha wakatozwa 10. Mengine yote uliyosema naomba ruhusa niyatumie darasani wiki ijayo. Nimefundisha Venice miaka yote hii na sijawahi kuiweka karibu na Mji Mkongwe kwenye ubao mmoja. Hilo limeniuma, nalisema wazi.

Bint Shangani
Ruhusa unayo, mwalimu.

Mgumu wa Machame
Mwalimu amemwomba dada ruhusa. Mimi hajaniomba hata radhi.

Chaki Mbili
Mgumu, radhi. Lile neno sikupaswa kuliandika hivyo. Ukikubali, muhula ujao nitatafuta nauli uje darasani uwaeleze kambi inavyohamishwa siku sita mfululizo. Nauli nitaitoa mfukoni nikiikosa chuoni.

Mgumu wa Machame
Radhi nimeipokea. Kuja, tuone msimu. Nikiitwa getini siwezi kuacha.

Kibo Ni Yetu
Na huyo wa Amboseli naye aombe radhi.

Mwana Malindi
Kwa kuwa na macho?

Kaka wa Nangurukuru
Wakuu, nimesoma yote, pamoja na ya mlima. Nimempa mdogo wangu simu asome mwenyewe. Aliposoma ya Bint Shangani alikaa kimya kitambo, akafungua daftari ukurasa wa Venice, akaanza kuandika pembeni kwa penseli. Sikumuuliza ameandika nini.

Mwalimu, bado hujanijibu la bajeti. Ada ipo kila muhula, basi halipo hata muhula mmoja, hapo sijaridhika na sitaridhika. Lakini la Kilwa sitawangoja. Jumamosi hii nampeleka mwenyewe. Aliye Masoko anieleze: boti bei gani, na kuna cha kukata kwanza au tunavuka tu?

Pwani ya Mtoni
Mie nipo Masoko. Usivuke tu, kibali kinakatwa kwanza hapa hapa, halafu ndipo mwende ufukweni. Bei ya mashua mnapatana, mkiwa wawili mwambie nahodha mtavuka na wenzenu mnaowakuta, ni nafuu. Mwanzie Gereza, ile ngome ya zamani, halafu Msikiti Mkuu, halafu mtembee hadi Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, huko ni mbali kidogo na jua kali, chukueni maji. Mtafutieni mzee mmoja wa kijijini awaongoze, wanajua kila jiwe, na mumpe chake mkononi mwake.

Na mwambie binti avae viatu vya kuloana. Maji yakiwa yamekupwa mashua haifiki nchi kavu, mtashukia kwenye matope.